Bi Kidole na Shina la Pembe Nne

Kabla jua halijachomoza, turubai la buluu limeshatandazwa uani, na kila pembe imekaliwa na tofali ili upepo usilichezee. Katikati yake kuna kilima cha majani mabichi, bado yana umande. Mwanamke wa makamo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha. Anachomoa shina moja, analibana kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, analizungusha mara moja, kisha analitupa kulia kwake. Anachomoa jingine.

Upande wa pili wa turubai, mke wa mwanawe anayakusanya yaliyokwisha kupita, anayapanga vichwa upande mmoja, anayafunga matita kwa kamba iliyofumuliwa kutoka kwenye gunia kuukuu. Hawasemezani sana. Redio iko dirishani, inanong'ona habari za mvua. Ndivyo asubuhi zao zilivyo, kwa sababu matita lazima yafike kwa wenyewe kabla sungura hawajaanza kupiga teke mabanda.

Leo lango linagongwa kwanza.

"Hodi humu."

"Karibu, Mwalimu. Mbona mapema, sungura wamekufukuza nyumbani?"

"Wamenituma," anajibu mzee aliyeingia. Ni mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi, na suruali yake imeloa umande hadi magotini. Anainua ndoo aliyokuja nayo na kuimimina juu ya turubai, polepole, kama mtu anayepima mchele. "Wamesema nikurudishie chenji yako."

Yameanguka mashina yaliyonyauka. Hayakutafunwa. Sungura walikula majani yao, wakayabagua haya na kuyaacha pembeni mwa banda.

Mwanamke anaokota moja. Analitazama. Halizungushi. Mkamwana wake ameacha kufunga, kamba imebaki mkononi.

"Gugu karoti," anasema Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kungoja darasa limalizie.

Mwanamke analiweka shina lile juu ya paja lake.

Mtaani mwanamke huyu anaitwa Bi Kidole, na wengi hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Wanakijua kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Kwa miaka zaidi ya ishirini kidole hicho kimekuwa mizani na mhuri wa biashara yake. Anakata majani ya porini, kandokando ya barabara na mifereji, na kuyauza kwa watu wa mjini wanaofuga sungura na hawana pa kukata.

"Watu wanafikiri majani ni majani," anasema. "Mtu anapita pale, anaona kijani, basi. Mimi nikipita naona watu. Huyu namjua. Huyu simjui. Huyu ni mgeni anayejifanya ndugu wa fulani."

Mgeni anayemsumbua ni huyo gugu karoti. Ndugu anayeigizwa ni kishona nguo, mmea ambao kila mtoto anaufahamu kwa sababu mbegu zake nyeusi kama sindano hung'ang'ania sketi na soksi. Sungura wanaupenda sana, hasa ile aina yake yenye majani yaliyochanikachanika. Tatizo ni kwamba gugu karoti nalo lina majani yaliyochanikachanika.

Yote mawili yakishatoa maua, hakuna wa kudanganywa. Kishona nguo hutoa ua la manjano. Gugu karoti hutoa vijiua vyeupe, vidogo, kama chumvi iliyomwagika. Lakini Bi Kidole hawezi kungoja maua. Kishona nguo kikifika kwenye maua shina lake linakuwa gumu kama kijiti cha ufagio, na sungura hulisusa. Lazima kikatwe kikiwa kichanga, urefu wa goti, na wakati huo wawili hao wanafanana kama watoto wa tumbo moja.

Wanaachana kwenye shina. Shina la kishona nguo lina pembe nne. Ukilizungusha kati ya vidole linakwama, linaruka, linakwama tena. La gugu karoti ni la duara, lina mifereji midogo iliyoshuka kwa urefu wake na vinyweleo laini. Ukilizungusha linateleza tu, kama penseli.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha," anasema. "Alikuwa mtunza bustani wa hospitali. Aliniambia, uso wa mmea unadanganya kama uso wa mtu. Ukitaka kumjua, mshike mkono. Basi mimi nikawa nashika mikono."

Alimfundisha na mengine. Mchicha pori wenye miba kwenye kila kifundo na ule usio na miba. Nyasi ambayo ukilivuta jani lake kinyume linakukata, na nyasi inayofanana nayo ambayo haikati. Mume alipofariki, mtoto wao wa pekee alikuwa hajamaliza shule ya msingi. Bi Kidole alichukua mundu wa marehemu, ingawa ulinolewa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia na yeye ni wa kushoto, akaunoa upya upande wa pili, akaanza kazi.

Leo ana wateja kumi na wanne. Siku nzuri anatoa matita kama thelathini. Yakiuzwa yote, nyumba inakula na kodi inasogea. Mvua zikikata, anatembea mbali zaidi na kurudi na nusu yake. Mwanawe sasa ni dereva wa malori ya masafa marefu, huonekana nyumbani, kwa maneno ya mama yake, "kama mwezi mwandamo, wengine wanamwona na wengine wanabisha." Mke aliyemwoa ndiye anayekaa na mama mkwe, ndiye anayekata upande wa mferejini, na ndiye anayesambaza matita kwa baiskeli.

Gugu karoti halikuwepo zamani. Lilikuja na malori ya kokoto barabara ilipokuwa ikipanuliwa. Linapenda mahali palipochimbwachimbwa, na kando ya barabara ndipo Bi Kidole anapokata, kwa sababu magoti yake hayapendi tena kushuka na kupanda kingo za mfereji.

"Kuna sungura aliyelila gugu hili?" anauliza Bi Kidole, akimgeukia Mwalimu ambaye bado amesimama na ndoo tupu.

"Wakubwa wanalikataa, ni chungu," anasema Mwalimu. "Mdogo mmoja alikula. Ana vidonda mdomoni, tangu jana hali. Nimemtenga kwenye boksi jikoni. Mke wangu hasemi na mimi."

"Kwa sababu ya sungura?"

"Kwa sababu ya boksi. Lilikuwa la viatu vyake."

Bi Kidole angecheka siku nyingine. Anayageuza mashina yaliyonyauka kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Jana uliniachia mzigo wako nifunge peke yangu, ukakimbilia zahanati," anasema, bila kumtazama mkamwana wake. "Ulikata akili iko kwingine."

Mkamwana ni mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, na ana mazoea ya kuvuta mikono ya sweta lake hadi kwenye viganja hata kukiwa na joto.

"Nisamehe, Mama."

Mwalimu anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. "Lakini si wewe unayekagua yote, Bi Kidole?"

"Nakagua. Mzigo ukija umechafuka hata kidole kinachoka."

Mzee anakung'uta ndoo yake. Ndiye aliyemletea Bi Kidole nusu ya wateja alio nao. Wafugaji wa mtaa wana kikundi chao na yeye ndiye wanayemsikiliza. Anasema maneno yake kwa utaratibu, na inaonekana hayafurahii.

"Mimi sikuja kugombana. Lakini Jumamosi tunakutana, na wenzangu wakiniuliza siwezi kuwaambia uongo. Kuna wanaosema tununue chakula cha dukani, kile cha punje. Ni ghali, lakini punje haina ndugu wa kufanana naye. Nimekuwa nikiwaambia hapana, tunaye Bi Kidole. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie haitajirudia."

"Nitawaambia hivyo. Lakini lazima iwe kweli."

Mwalimu akishaondoka, mkamwana tayari ameshashika usukani wa baiskeli. Anasema atapita kwa wateja wote, mmoja mmoja, awaambie wachambue matita ya jana yaliyobaki kabla hawajawapa wanyama. Kabla ya kutoka anachukua tyubu ya dawa iliyo dirishani kando ya redio, anapandisha mikono ya sweta, anapaka. Viganja viko salama. Ni vifundo vya mikono na ngozi ya ndani ya mkono iliyojaa vipele vyekundu, vingine vimepasuka.

"Huyo muuguzi alisema ni nini?" anauliza Bi Kidole.

"Alisema si sabuni. Alisema ni mmea, kuna mmea ninaoushika kila siku. Nisiushike tena."

"Mmea gani?"

"Hakujua, Mama." Anavuta sweta. "Nachelewa."

Baiskeli inatoka, lango linajifunga lenyewe.

Bi Kidole anarudi kwenye ndoo yake. Kilima cha majani kinamngoja na umande umeanza kukauka. Anachomoa shina, anaanza kulizungusha, anaacha.

"Kule mferejini hakuna gugu karoti," anasema hatimaye, kama anayeongea na redio. "Udongo wa kule ni mzito, una maji. Lile linataka kokoto. Na hakuna mmea mwingine hapa kwetu unaomfanyia mtu vipele vya namna ile. Kama yeye anakata mferejini, vipele vimetoka wapi?"

Anainuka. Anazunguka nyuma ya nyumba, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo takataka za uani hukusanywa zikisubiri kuchomwa. Chini ya majani ya migomba makavu kuna lundo. Anaondoa yale ya juu.

Ni gugu karoti, tabaka juu ya tabaka. Ya chini yamekauka na kuwa kahawia, yanavunjika yakiguswa. Ya juu yana siku mbili tatu. Yote yamekatwa na mundu, na hakuna mmea unaokatwa na mundu ukajileta wenyewe nyuma ya tangi.

Bi Kidole anaokota machache na kuyabeba hadi kwenye mwanga. Hatazami majani wala shina. Anatazama mahali lilipokatwa. Mtu wa mkono wa kulia akivuta mundu, mkato unashuka upande mmoja. Wa kushoto akivuta, unashuka upande mwingine. Analinganisha na yaliyo kwenye turubai, ya mkamwana wake na yake mwenyewe.

"Kushoto," anasema. Anaokota jingine. "Kushoto." Jingine.

Anayarudisha yote nyuma ya tangi, anayafunika na majani ya migomba kama alivyoyakuta.

Kisha anafanya jambo ambalo inaonekana si mara ya kwanza kulifanya. Anakwenda kwenye kamba ya nguo, anachukua kibanio, anakibana kwenye ncha ya kidole gumba cha kushoto. Anakitazama kibanio kikining'inia pale.

"Naona kinabana," anasema. "Sikisikii."

Ilianza msimu wa mvua uliopita. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, akadhani ni baridi. Kisha ganzi ikawa inabaki hadi mchana, kama vidole vimevaa kitu. Daktari alimwambia ni mkono uliovuta mundu miaka mingi, mshipa umebanwa kifundoni; kuna upasuaji mdogo, lakini si lazima hisia zirudi zote. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuzungusha mashina kila asubuhi, kwa mazoea, na macho yakawa yanakisia yale ambayo kidole hakikisemi tena.

"Mtu anaitwa Bi Kidole," anasema, akikitoa kibanio. "Halafu aende kwa wateja awaambie kidole kimekufa. Ni kama mpiga ngoma aseme hana mikono."

Anajiuliza kwa nini hajawahi kubadili namna ya kukagua, atumie macho vizuri zaidi, angoje mwanga. Anainua mabega. "Macho ni ya mkamwana wangu. Mimi namcheka. Namwambia anasoma majani kama gazeti."

Ni kweli kwamba yule binti hakuwahi kuuweza ufundi wa kuzungusha. Alijaribu alipoolewa, akashindwa, vidole vyake havikutulia. Akajitafutia njia nyingine. Anamweleza mama mkwe baadaye mchana, amerudi na baiskeli, uso umejaa vumbi, wateja wote kumi na wanne wamekwisha kuonywa.

"Nafuata majani yanavyotoka kwenye shina," anasema. "Ya kishona nguo yanatoka mawili mawili, yanatazamana, kama watu waliokaa meza moja. Ya gugu karoti hayatazamani. Yanatoka moja huku, juu kidogo jingine kule, kama nyayo za mtu anayetembea. Hata likiwa changa. Hata likiwa limekunjamana. Ila unahitaji mwanga, gizani huoni kitu."

Ndiyo maana, anaeleza, yeye hakagui kwenye kilima. Anakagua wakati wa kufunga, kunapoanza kupambazuka, na kila tita linapita mikononi mwake jani kwa jani. Hapo anatulia, anatambua kwamba amesema zaidi ya alivyokusudia, na anaingia ndani kutafuta maji ya kunywa.

Jioni ile Bi Kidole anavaa viatu vya kutokea. "Nifuate," anamwambia mkamwana wake, na hasemi wanakwenda wapi.

Nyumba ya Mwalimu iko mwisho wa barabara, na mabanda ya sungura yamepangwa ghorofa ghorofa chini ya paa la mabati. Mke wa Mwalimu anawakaribisha kwa viti. Boksi la viatu liko mezani, lina matundu yaliyotobolewa kwa kalamu. Ndani yake kijisungura cha kijivu kimejikunyata, lakini mbele yake kuna kipande cha karoti kilichokwanguliwa upande mmoja.

"Ameanza," anasema Mwalimu. "Kidogo kidogo, kama mtoto anayeringa."

Bi Kidole anakitazama kile kipande cha karoti. Hajakaa.

"Nimekuja kusahihisha," anasema. "Asubuhi nilisema ni yeye. Si yeye. Yale majani niliyakata mimi, na niliyakagua mimi, na nikayapitisha. Vidole vyangu vimekufa ganzi tangu mvua zilizopita. Siwezi tena kujua shina la pembe nne na la duara."

Mkamwana amesimama mlangoni. Ameshika mkono wa sweta kwa vidole.

"Mwalimu, umekuwa ukinunua majani yaliyokaguliwa na huyu," anaendelea Bi Kidole. "Msimu mzima. Mimi nazungusha, natupa kulia, yeye anafunga na kutoa makosa yangu moja moja, anaficha nyuma ya tangi. Ndiko alikopata vipele. Jana hakuwepo, na mzigo wa jana ndio ulioleta chenji ya sungura wako."

Mke wa Mwalimu anamsogezea yule binti kiti na kumwambia akae, asisimame kama mdaiwa.

"Mficha maradhi," anaanza Mwalimu.

"Namjua mwisho wake," anasema Bi Kidole. "Usinimalizie."

Mzee anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anataka kujua mambo mawili. La kwanza, kama binti huyo anaweza kukagua yote, kila siku. La pili, anaulizia jina la Bi Kidole. "Tutalifanyaje sasa?"

"Liacheni," anasema Bi Kidole. "Yule fundi viatu wa mtaani mnamwita Mrefu, na ananifika kiunoni."

Kuhusu la kwanza, anayejibu ni mkamwana mwenyewe, na sauti yake haisikiki vizuri hadi mara ya pili. Anaweza, anasema, anafuata majani yanayotazamana kama watu waliokaa meza moja, lakini mambo mawili lazima yabadilike. Akague kukiwa na mwanga, na awe na glavu. Maana yake matita yatafika jua likiwa limepanda.

"Sungura wangu hawana saa ukutani," anasema Mwalimu. "Nitaongea na wenzangu. Jumamosi njooni wote wawili, mtuonyeshe hayo majani yanayokaa meza moja. Atakayetaka punje anunue punje."

Wanarudi nyumbani. Njiani Bi Kidole anasimama mara moja kwenye duka la vifaa, anatoka na glavu za mpira, za rangi ya chungwa, saizi kubwa kidogo.

Asubuhi inayofuata turubai linatandazwa kama kawaida na matofali yanawekwa kwenye pembe. Lakini kilima cha majani kinaachwa kipumzike. Wanawake wawili wanakunywa chai ukumbini, mlango wazi, wakingoja jua lipande ukuta wa jirani. Mpango, anaeleza Bi Kidole, ni kwamba yeye atakata tu, na atahama kutoka kando ya barabara. Kuna uwanja nyuma ya kiwanda cha zamani cha mbao ambako kokoto hazijafika. Atakwenda kuonana tena na daktari kuhusu ule upasuaji. Na anataka meza. Fundi seremala amemwahidi meza ndefu ya mbao chakavu ili mtu asikague akiwa amejikunja chini.

"Nikipona nitarudi kuzungusha," anasema. "Nisipopona, nitakuwa napiga soga. Kazi ya soga haihitaji kidole."

Jua linafika. Wanatoka. Mkamwana anavaa glavu, ambazo zinamfanya aonekane kama mtu anayekwenda kuosha gari, na anakaa mahali pake pa siku zote, upande wa pili wa turubai. Anachukua shina la kwanza, analiinua kwenye mwanga, anayasoma majani kutoka chini kwenda juu. Mawili mawili. Analiweka kulia. La pili nalo ni jema. La tatu analishika muda mrefu zaidi, kisha analitupa nyuma yake.

Bi Kidole anamtazama. Mikono yake haijui pa kukaa. Anaiweka magotini, anaitoa.

"Kwa nini hukuniambia?" anauliza.

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Kila siku, Mama. Nilikuambia pumzika. Nilikuambia kesho acha nikate mimi. Nilikuambia kaa ndani kuna umande."

"Nikadhani unataka turubai langu." Bi Kidole anatikisa kichwa. "Pumzika si neno la kumwambia mtu mzima. Hata maiti huambiwa apumzike."

Binti anacheka kidogo, puani. Anachukua shina jingine, analigeuza kwenye mwanga, halisomi.

"Basi ulitaka kusema nini?" anauliza mama mkwe. Haulizi kwa ukali. "Sema sasa. Hakuna mtu hapa."

Redio dirishani inamaliza wimbo, inaanza habari. Yule binti analiweka shina chini. Anavua glavu moja, polepole, kidole kwa kidole.

"Nilitaka kusema naogopa wakikucheka," anasema. "Wanakuita Bi Kidole mbele ya watu wote, na wewe unafurahi. Niliogopa siku moja watakuita hivyo wakicheka. Basi nikawa nayatoa."

Bi Kidole anainama, anaokota jani lililoanguka pembeni mwa turubai, analiangalia. Kisha anainuka kutoka kwenye ndoo yake, anaibeba, anazunguka turubai lote hadi upande wa pili, na kuiweka chini karibu na mkamwana wake.

"Sogea," anasema. "Na vaa hiyo glavu. Nionyeshe tena hao wanaotazamana."